Mizani ya Njiani: Vituo vya Mafuta Kutoka Changamwe Hadi Mtito Andei



Njia ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi ina urefu wa takriban kilomita 480, na ni familia chache za Pwani ambazo hazijapata kuisafiri kwa gari dogo, watoto wamebanana nyuma na kikapu cha mahamri kimewekwa katikati ya miguu. Huenda ikawa ni harusi, ni kijana anayepelekwa chuoni, au ni mgonjwa aliyeandikiwa daktari wa mbali. Mama wa nyumba hupanga kila kitu tangu usiku: maji ya kunywa, nguo za watoto, dawa za bibi, misala ya kusalia. Kitu kimoja aghalabu hakipangwi, nacho ni kusimama katika kituo cha mafuta. Na hapo ndipo, kwa muda wa dakika kumi tu, pesa hutolewa, milango hufunguliwa, watoto hushuka, simu hushikwa mkononi, na kila mtu akawa na shughuli yake. Mwizi na mlaghai hawahitaji zaidi ya hayo.

Makala haya yanaifuata njia hiyo hadi Mtito Andei, ambako safari huwa imefika nusu, ili msafiri ajue la kutazama kila anaposimama. Hatukusudii kumtia mtu hofu, wala kuwatia doa wafanyakazi wa vituo, ambao wengi wao ni watu waaminifu wanaochuma riziki ya halali juani na usiku. Tunakusudia kuonesha kwamba tahadhari ni jambo moja na dhana mbaya ni jambo jingine, na kwamba tahadhari njema humlinda mnunuzi na muuzaji pamoja.

Changamwe: bidhaa isiyoonekana

Ukivuka Makupa na kukiacha kisiwa nyuma, waingia katika nchi ya mafuta. Meli huteremsha shehena yake Kipevu, na bomba lililoanza kazi mwaka 1978 huyasukuma mafuta hayo hadi Nairobi, mwendo wa takriban kilomita 450. Hapo Changamwe pia kipo kiwanda kilichokuwa kikisafisha mafuta ghafi hadi mwaka 2013 kilipoacha kazi hiyo. Tangu wakati huo nchi huagiza mafuta yaliyokwisha kusafishwa. Kwa kuwa mafuta hushukia kwetu, bei ya Mombasa huwa chini kuliko ya Nairobi. Kwa hiyo msafiri mwenye busara hulijaza tangi nyumbani, katika kituo anachokijua na kinachomjua, kabla hajaianza njia.

Bei yenyewe haifichwi. Kila tarehe 14 ya mwezi, Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli, ijulikanayo kwa ufupisho wa EPRA, hutangaza bei ya juu kabisa ya petroli, dizeli na mafuta ya taa kwa kila mji, nayo huanza kutumika tarehe 15. Muuzaji ana ruhusa ya kuuza chini ya bei hiyo, lakini hana ruhusa ya kuipita. Basi kabla ya safari, mmoja katika familia na aandike bei za miji mtakayopitia: Mombasa, Voi, Mtito Andei, Nairobi. Karatasi ndogo iliyo mkononi hutosha kumjua anayezidisha.

Tuyatafakari sasa mauzo yenyewe. Kitambaa, mama hukishika akakinyoosha. Samaki, hufunuliwa mashavu akatazamwa wekundu wake. Lakini petroli hutoka katika tangi lililo chini ya ardhi ikaingia katika tangi la gari, na jicho la mnunuzi lisiione hata tone. Alichonacho ni tarakimu zinazopita kwenye mita. Kwa sababu hiyo hila za biashara hii aghalabu huchezwa kwenye tarakimu.

Hila ya kwanza ni ya sifuri. Mauzo ya mteja aliyetangulia huachwa kwenye mita, nawe ukajaziwa kuanzia hapo. Aliyeondoka alinunua mafuta ya shilingi 700. Wewe umeagiza ya 2,000. Mita husimama 2,000, nawe umepata ya 1,300. Dawa yake ni maneno machache tu ya adabu: "Ndugu yangu, nioneshe sifuri." Mhudumu mwema hukuonesha hata kabla hujamwomba.

Hila ya pili ni ya kukatiza. Umeagiza mafuta ya shilingi 3,000, pampu inasimama kwenye 500. Mhudumu huomba radhi, husema alisikia mia tano, kisha huahidi kuongeza 2,500. Wakati huo huo mwenzake yuko upande wa pili wa gari anapangusa kioo cha mbele na kukuuliza kama maji ya injini yamekaguliwa. Wewe wamgeukia, na mita huenda isirudishwe kwenye sifuri: huendelea kutoka 500 hadi 2,500, nawe ukatozwa 3,000. Umepata mafuta ya 2,500 tu. Huduma ya kupangusa kioo si kosa, na mara nyingi ni ukarimu wa kweli. Lakini inafaa dereva ashuke, asimame mahali anapoiona mita, na asiondoe jicho mpaka mpira wa pampu umerudishwa mahali pake. Kama pampu imesimama katikati, lipia kwanza kilichoingia, upewe risiti yake, ndipo muanze upya kutoka sifuri.

Mariakani: mizani ya malori na mizani ya jikoni

Mbele ya Mazeras ni Mariakani, ambako malori hupanga foleni kupimwa uzito. Lori lililozidisha shehena haliachwi lipite, kwani huumiza barabara ya watu wote. Ni vizuri kuwaonesha watoto mizani ile, kisha kuwaeleza kwamba pampu ya mafuta nayo ni mizani. Sheria ya nchi huihesabu hivyo: maofisa wa Idara ya Mizani na Vipimo huzikagua pampu kwa vyombo vya kipimo vilivyothibitishwa, wakazifunga kwa lakiri ili zisichezewe.

Dini yetu ilitangulia kulisema hilo. Sura ya 83 ya Qur'ani, Al-Mutaffifin, imepewa jina la wale wanaopunja vipimo, na kisa cha Nabii Shuaib na watu wa Madyan ni kisa cha soko lililoharibika kwa kupunguza mizani. Uovu huo ulihesabiwa kuwa mkubwa ijapokuwa kila punje iliyoibwa ilikuwa ndogo. Lita moja inayopunjwa katika gari moja haimfilisi mtu. Lakini ni maziwa ya mtoto, ni nauli ya mwanafunzi, na ikikusanywa kwa magari ya siku nzima ni mali nyingi ya watu.

Mnunuzi ana mizani yake pia, nayo ni hesabu. Tuseme, kwa mfano wa kurahisisha, kwamba lita moja ni shilingi 180. Aliyelipa 1,800 yampasa aone lita 10 kwenye mita, si 9. Mpe kijana wa darasa la sita kazi hiyo; ataifurahia, na atajifunza kugawanya kwa faida. Dereva naye na ajue tangi la gari lake linachukua lita ngapi, jambo linaloandikwa katika kitabu cha gari. Ikiwa tangi ni la lita 45, na lilikuwa na robo, kisha mita ikaonesha zimeingia lita 44, hapo pana swali linalohitaji jibu kabla hujaondoka. Na risiti usiiache. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Risiti ndiyo daftari ya msafiri, maana ndiyo itakayokuonesha kituo, saa, lita na bei, siku utakapohitaji kulalamika.

Inafaa pia kujihadhari na mafuta ya bei ya kuvutia yanayouzwa katika madumu kando ya barabara. Kuchanganya mafuta ya taa na dizeli au petroli kulienea nchini hata serikali ikatoza, mwaka 2018, ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuiondoa faida ya ulaghai huo. Injini iliyonyweshwa mchanganyiko huo huweza kukuacha nyikani, na fundi akakudai mara nyingi zaidi ya kile ulichookoa.

Mizani hii yamhusu pia mama asiyeendesha gari. Vituo vingi vya mafuta siku hizi huuza mitungi ya gesi ya kupikia, ya kilo 6 na ya kilo 13, na upunjaji hupita hapo pia. Mwilini mwa kila mtungi umeandikwa uzito wake ukiwa mtupu. Omba uwekwe kwenye mizani mbele yako: uzito wa mtungi mtupu ukijumlishwa na kilo za gesi ndio uzito unaopaswa kuuona. Tazama pia kama lakiri ya mdomoni haijakatwa, na kama jina lililoandikwa kwenye lakiri ni lile lile la mtungi. Muuzaji anayekataa kupima amekwisha kukujibu.

Mackinnon Road na nyika ya Taru: mkoba na udhu

Baada ya Samburu miti hupungua, na nyika ya Taru hufunguka pande zote mbili. Kisha waja Mackinnon Road, na ule msikiti wake wa kando ya reli ambao wasafiri Waislamu wameuzoea tangu zamani. Wengi husimama hapo kusali na kunyoosha miguu. Mbele yake, mpaka Voi na Mtito Andei, vipo vituo vya mafuta vilivyotenga mahali pa kutawadha na kusalia. Ni neema kubwa kwa msafiri anayekusanya na kupunguza sala zake.

Lakini saa ya sala ndiyo saa ambayo gari hubaki peke yake. Baba huenda upande wa wanaume, mama na mabinti huenda upande wao, watoto hukimbilia msalani, na mkoba hubaki juu ya kiti, kioo kikiwa kimeteremshwa nusu kwa sababu ya joto. Mwizi wa vituoni havunji kitu. Hufungua mlango wa kushoto wakati dereva yuko upande wa kulia akitazama pampu, akauchukua mkoba na kutembea polepole kama mwenye mali. Ndani yake mna pesa za safari, kitambulisho, simu, dawa za sukari za bibi. Hasara ya pesa husahaulika. Hasara ya dawa katikati ya nyika ni jambo jingine.

Kwa hiyo familia na igawane kazi kabla gari halijasimama. Dereva ashike mita. Mama ashike mkoba, usitoke begani hata ndani ya gari. Mtu mzima mmoja abaki garini, milango imefungwa, mpaka wengine warudi. Kisha naye aende akasali. Kusali kwa zamu hakupunguzi kitu. Anayetawadha asitundike mkoba kwenye ndoano ya mlango wala asiweke simu juu ya ukuta wa bomba. Ampe mwenzake amshikie. Pesa za safari zisikae mahali pamoja, na dawa zitengwe na pesa. Unapofunga gari kwa kitufe cha ufunguo, vuta mkono wa mlango uhakikishe, maana wapo wezi wanaotumia vifaa vya kuzuia kufuli lisishike.

Yuko pia yule mtu mwema kupita kiasi. Hukupungia mkono ukitoka kituoni, akakwambia tairi la nyuma linatoa upepo, au injini inavuja mafuta. Huenda ni kweli. Na huenda ni mwenzake aliyemwaga mafuta chini ya gari lako ulipokuwa msalani, ili ushuke, ufungue boneti, na milango ibaki wazi. Mshukuru, usisimame pale anapotaka yeye, bali nenda polepole mpaka mahali penye watu na mwanga, ukaangalie mwenyewe. Na kwa wanawake wanaosafiri bila mwanamume, ni bora mafuta yajazwe mchana, na tangi lisiachwe lishuke chini ya nusu, ili usiku usiwalazimishe kusimama mahali wasipopachagua.

Voi: simu na noti

Voi ni njia panda. Wa Taveta hukata kushoto, wa Nairobi huendelea, na vituo vya mafuta ni vingi kwa sababu kila mmoja hupumzika hapo. Hapo watu huchoka, na mchoko huharakisha malipo. Haraka haraka haina baraka.

Ukilipa kwa noti, itaje kwa sauti unapoitoa: "Hii ni elfu moja." Neno hilo moja huondoa ubishi wa kama ulitoa elfu au mia tano, na humfanya mwenye nia ya kukubadilishia noti aone aibu. Hesabu chenji hapo hapo, mbele ya aliyekupa. Ukilipa kwa kadi, isiondoke machoni pako. Mashine na iletwe ulipo, na mkono wako uifunike namba ya siri unapoibofya.

Wengi wetu hulipa kwa M-Pesa, iliyoanza nchini mwaka 2007 na sasa iko katika kila kibanda. Hapa mambo matatu yatosha. Kwanza, lipa kwa namba ya Lipa na M-Pesa iliyobandikwa na kituo, si kwa namba ya simu ya mtu anayesema ya kituo imeharibika. Pili, jina la aliyelipwa lilinganishwe na jina la biashara, na likiwa geni, uliza kabla hujaondoka. Tatu, namba ya siri haisemwi kwa mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa ni wa kampuni ya simu. Na ikiwa mkiwa njiani ujumbe utaingia kwamba umetumiwa pesa kwa makosa na mwenyewe analia umrudishie, usimtumie. Tazama salio lako kwanza. Aliyekosea kweli ana njia yake ya kuzidai, kwa kuupeleka ujumbe wake wa M-Pesa kwenye namba 456. Huna haja ya kumtumia wewe.

Mtito Andei: haki ya aliye kwenye pampu

Mtito Andei iko katikati ya mbuga mbili za Tsavo, na ni mji unaoishi kwa wasafiri. Hapa tumtazame kidogo yule anayetuhudumia. Siku hizi aghalabu ni binti, amevaa sare, amesimama tangu alfajiri akivuta moshi wa malori. Katika vituo vingi, pesa zikipungua mwisho wa zamu hukatwa katika mshahara wake. Dereva akijaza akatoroka, hulipa yeye. Mteja akimwonesha ujumbe wa malipo uliotungwa, hulipa yeye. Ulaghai wa vituoni una pande mbili, na upande wa mteja hatuusemi.

Kwa hiyo usiwashe gari mpaka aseme malipo yameingia kwenye simu ya kituo. Akikuomba usubiri, subiri kwa uso mkunjufu; anafanya kama unavyofanya wewe unapoomba kuoneshwa sifuri. Akikuzidishia chenji, mrudishie, na watoto waone.

Na pakitokea jambo, tulinde ndimi zetu. Katika nchi yetu neno "mwizi" likipazwa hadharani huweza kumtoa mtu roho kabla hajaulizwa lolote, na roho hairudishwi kwa kuomba radhi. Ukiona mita imekwenda kombo, usipige kelele. Muulize mhudumu kwa utulivu. Asipokuridhisha, muombe msimamizi, mtaje namba ya pampu na saa, na muoneshe risiti. Kasoro nyingi huisha hapo, na nyingine huonekana kuwa ni pampu mbovu wala si mkono mbaya. Isipoisha, yapeleke malalamiko kwa EPRA au kwa Idara ya Mizani na Vipimo, na wizi kwa kituo cha polisi kilicho karibu. Kulalamika kwa njia yake ni kuwasaidia watakaopita baada yako.

Kutoka Mtito Andei, Nairobi iko mbele kwa nusu ya pili ya njia: Kibwezi, Makindu, Emali, na Sultan Hamud, mji wenye jina la mfalme wa Zanzibar. Vituo ni vingi na kanuni ni hizo hizo: mita ianze sifuri, mkoba uwe begani, mtu mmoja abaki garini, noti itajwe, risiti ihifadhiwe. Na kabla ya yote hayo, salamu kwa aliye kwenye pampu, maana mtu aliyesalimiwa vizuri hupata taabu kumdhulumu aliyemsalimia.

Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri wetu, awape riziki ya halali wanaowahudumia njiani, na awarudishe wote majumbani kwao salama. Amin.